La Kwanza Kabla ya Rangi

(Mazungumzo haya yalisemwa redioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale walioomba kuyasoma tena nyumbani.)

Tunanena nanyi kutoka Kwanza, katika nchi ya mahindi ya upande wa Kitale. Popote mlipo, iwe Kitale mjini, iwe Bungoma, Kimilili au Chwele, karibuni mketi nasi kwa dakika hizi chache.

Somo letu la leo limo katika Injili ya Mathayo, mlango wa 23, mstari wa 25 na 26. Hapo Bwana anawaambia Mafarisayo habari za kikombe na sahani. Wao walisugua upande wa nje ukang'aa, lakini ndani mlikuwa na uchafu. Naye akawaonyesha kwamba kazi ya kusafisha huanzia ndani. Sisi tutalieleza neno hilo kwa kitu kidogo tulichokiunda kwa mikono yetu wenyewe, yaani ndege ya plastiki, ndefu kupita rula ya shule kwa vidole vitatu tu.

Mtauliza, ndege ya plastiki ina nini na kanisa? Tuvumilieni kidogo.

Katika ushirika wetu yuko mzee mmoja ambaye vijana humwita Kuka, yaani babu kwa Kibukusu. Ujanani mwake alikuwa mpakiaji wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, siku za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilianza mwaka 1946, na baada ya uhuru likawa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Alama yake ilikuwa simba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilipovunjika, shirika nalo likafa. Kuka akafunga sanduku lake, akarudi nyumbani, akashika jembe.

Siku hizi macho yake yamefifia. Haoni ila mwanga na kivuli. Lakini masimulizi yake hayajafifia, na katika yote hurudia ndege moja aliyoipenda kuliko nyingine, nayo ni Super VC10.

Ndege hiyo iliundwa Uingereza. Ilikuwa na injini nne, zote zimefungwa nyuma karibu na mkia, mbili huku na mbili huku, hata mabawa yakabaki safi bila kitu cha kuning'inia. Shirika letu lilipokea ya kwanza mwaka 1966 na ya mwisho mwaka 1970, jumla yake tano. Tena hiyo ya tano ndiyo iliyokuwa VC10 ya mwisho kabisa kuundwa duniani. Ubavuni ziliandikwa herufi za nchi zetu: 5Y kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 5H kwa Tanzania. Kuka husema kwamba alipoipakia yenye 5X au yenye 5H hakuiona kuwa ya wageni. Zote zilikuwa za nyumbani.

Basi kijana wetu mmoja anayefanya kazi Uingereza alikuja likizo ya Krismasi akiwa na kisanduku chembamba chini ya kwapa. Ndani yake mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha Super VC10 hiyo hiyo, pamoja na vibandiko vya East African. Vilitengenezwa na kampuni ya Roden ya nchi ya Ukraine. Tukasema, "Haya! Tumwundie Kuka ndege yake, naye apewe siku ya Jumapili ya wazee, mbele ya kanisa lote." Vijana sita na sisi walezi wao wawili tukakubaliana.

Kwanza tueleze kipimo, maana watoto wengi wametuuliza. Kisanduku kiliandikwa 1/144. Maana yake, kila kitu kimepunguzwa mara 144. Super VC10 ya kweli ina urefu wa mita 52 na kidogo. Gawanya kwa 144, utapata sentimita 36. Mabawa yake, kutoka ncha hata ncha, ni mita 44 na nusu. Kwetu yakawa sentimita 31. Mtu wa urefu wa kawaida, akipunguzwa hivyo, hafiki hata unene wa kidole. Ndiyo sababu kosa dogo huonekana kubwa. Upana wa unywele mbele yako ni kama ufa wa kupitisha kidole katika ndege ya kweli.

Sasa njia ya kazi. Vipande huja vimeshikamana na fremu ya plastiki kama matunda yaliyo kwenye tawi. Usivikate bado. Fremu nzima huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta kidogo ya kuitenga na kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Baada ya kukauka, kila kipande hukatwa kwa koleo dogo au kisu kikali, wala hakinyongwi kwa vidole, maana kitang'oka na nyama yake. Kinundu kinachobaki husuguliwa kwa msasa laini uliolowa maji.

Kabla ya gundi, vipande hujaribiwa vikiwa vikavu. Kiwiliwili cha ndege kina nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, kama ganda la njugu. Tulizishika pamoja kwa vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, tukatazama kama zinakutana vizuri. Gundi ya kazi hii si kama gundi ya karatasi. Yenyewe huyeyusha uso wa plastiki pande zote mbili, nazo zikikauka huwa kitu kimoja. Kwa hiyo hutiwa kidogo sana, tena madirisha ya chumba yakiwa wazi, kwa kuwa mvuke wake si mzuri kuvuta. Vioo vidogo vya mbele vya rubani visibandikwe kwa ile gundi kali ya kukauka upesi, maana mvuke wake huviachia ukungu mweupe usiotoka.

Mshono ukisha kukauka, hujazwa puti, ile ile wanayotumia mafundi wa magari kule Kitale, kisha husuguliwa mpaka kidole kisihisi mpaka wa kushoto na kulia. Ndipo huja rangi ya kwanza, praima ya kijivu. Nayo ina siri moja. Watu hudhani rangi huficha. Sivyo. Plastiki tupu ndiyo iliyokuwa ikificha, kwa kuwa inapitisha mwanga na macho hudanganyika. Praima ikipita tu, kila mkwaruzo na kila ufa hujitokeza kama nyayo kwenye tope. Sisi tulijaza puti na kusugua mara tatu mpaka mshono wa mgongoni ukatoweka. Mshono wa tumboni tuliusugua mara moja. Tulisema, "Nani atatazama chini?"

Rangi nyeupe ya juu ni ngumu kuliko zote. Ukiipaka nzito mara moja hutiririka na kufanya machozi. Hupakwa nyembamba, ikauke, nyembamba tena, ikauke, mara tatu au nne. Nasi tulikuwa mwezi wa Januari, wakati wa upepo mkavu, na barabara yetu ya murram hutoa vumbi jekundu kila pikipiki inapopita. Tukapaka rangi usiku, pikipiki zimelala, na kila mara tukaifunika ndege kwa boksi la sabuni. Chini ya tumbo na mabawa tukapaka rangi ya fedha, baada ya kuzuia ile nyeupe kwa utepe wa karatasi.

Vibandiko huja mwisho. Hukatwa kimoja kimoja, hulowekwa katika maji ya uvuguvugu kama nusu dakika, kisha huteleza kutoka karatasi yake hata mahali pake, navyo hukandamizwa kwa kitambaa chenye unyevu. Lakini uso wa chini sharti uwe umepakwa vanishi inayong'aa. Ukiwa na chembechembe, hewa hunaswa chini ya kibandiko na kufanya mng'ao mbaya wa fedha.

Basi siku ya Alhamisi usiku tukafunga magurudumu. Vijana wakazima taa ya dari wakaacha moja tu ya mezani, ili ipendeze. Tukaishusha ndege yetu juu ya meza, tukaiachilia.

Ikainua pua taratibu, ikaketi juu ya mkia wake.

Tuliishusha tena. Ikainua tena, kama mbwa anayeomba mfupa. Hakuna aliyecheka.

Ndugu, sababu ilikuwa wazi mara tulipofikiri. Injini zote nne ziko nyuma. Mkia wake ni mrefu, na juu ya mkia lipo bawa jingine. Mbele kulikuwa na ganda tupu. Kitu chochote chenye magurudumu matatu husimama pale tu ambapo kitovu cha uzito wake kiko kati ya gurudumu la mbele na yale ya nyuma. Kikirudi nyuma ya magurudumu makubwa, kitaketi. Anayeunda ndege ya namna hii hutia uzito ndani ya pua, nao hutiwa kabla nusu mbili hazijafungwa. Hauonekani kamwe. Lakini bila huo, uzuri wote wa nje unaanguka chali. Sisi watu wa Kwanza tulikuwa tumesahau la kwanza!

Ilikuwa Alhamisi usiku, na sherehe ilikuwa Jumapili. Kijana mmoja akasema, "Tuweke kijiti chembamba chini ya mkia, tukipake rangi ya meza." Mwingine akaongeza kwa sauti ya chini, "Isitoshe, Kuka haoni."

Hapo ndipo tunapotaka kuungama mbele yenu. Hakuna aliyemkemea. Hata sisi walezi hatukumkemea. Tulitazama rangi ile nyeupe tuliyoipaka usiku nne, tukakitafuta kijiti.

Ijumaa jioni Kuka alipita kwetu akitoka kwa mjukuu wake. Alikuwa amesikia habari, maana hakuna siri kijijini. Akaketi akasema, "Wajukuu wangu, nipeni niishike, nisingoje Jumapili kama mgeni." Tungefanyaje? Tukaitoa kwenye kijiti chake, tukampa mikononi.

Alianzia puani. Vidole vyake vikapita juu ya vioo, mgongoni, kwenye mkia, akahesabu injini, moja, mbili, tatu, nne, akitabasamu. Kisha akaigeuza. Kidole gumba kikapita tumboni, kikasimama kwenye ule mshono, kikaendelea. Halafu akafanya jambo ambalo hatukulitazamia. Aliiweka juu ya vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, penye magurudumu makubwa. Ndege ikalalia mkia.

"Mbele hamjapakia kitu," akasema.

Tulinyamaza. Naye hakukasirika. Alitueleza kazi yake kama mwalimu. Alisema ndege haijali ukubwa wa mzigo tu, hujali na mahali pake. Tumbo lilikuwa na vyumba vya mizigo mbele na nyuma, nao walipewa karatasi yenye hesabu: kiasi hiki mbele, kiasi hiki nyuma. Hakuna abiria aliyeona karatasi ile. Hakuna aliyemshukuru mpakiaji. "Lakini tulijua," akasema, "ya kwamba wao juu wanakunywa chai kwa amani kwa sababu ya sisi huku chini."

Ndipo mmoja wetu akamwambia habari ya kijiti, na maneno yaliyosemwa kuhusu macho yake. Kuka alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Nimeishi miaka mingi nikiona, na mambo mengi niliyodanganywa nilidanganywa wakati huo."

Akatukumbusha tarehe 18 Aprili 1972. Siku hiyo mojawapo ya zile Super VC10 tano, yenye herufi 5X-UVA, ilikuwa ikikimbia ili iruke kutoka Addis Ababa, Ethiopia. Ilikuwa na watu 107. Gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichoachwa njiani, likapasuka. Marubani wakajaribu kuisimamisha, isisimame, ikapita mwisho wa njia, ikaanguka na kuwaka moto. Watu 43 wakafa. Wachunguzi walipochambua walikuta kwamba nguvu ya breki haikuwa kamili, kwa kuwa sehemu moja ya mfumo wake ilikuwa imeunganishwa vibaya ilipofunguliwa na kurudishwa. Hatusemi hili ili kumhukumu mtu yeyote. Twasema tu kwamba siku hiyo nje ya ndege ile haikuwa na kasoro. Rangi ilikuwa nzuri, na simba alikuwa mahali pake.

Kuka alipoondoka hatukungoja kesho. Tulichukua kisu tukaufuata mshono wa tumbo, kutoka puani hata karibu na mabawa. Ilituuma kuona rangi ikipasuka. Tulikuwa na vile vipande vizito ambavyo mafundi wa magurudumu hubandika kwenye rimu ili gurudumu lizunguke sawasawa. Tukavipanga ndani ya pua, mbele kabisa, maana uzito ulio mbali na magurudumu una nguvu zaidi ya ule ulio karibu, kama mtoto anayeketi mwisho wa ubao wa bembea. Tukaongeza kimoja kimoja, tukijaribu kila mara, mpaka pua ikashuka yenyewe ikatulia. Tukaongeza kimoja zaidi kwa usalama, tukavibana kwa gundi visichezecheze, tukafunga, tukanawa mikono. Jumamosi nzima ilikwenda kwa puti, msasa, praima na rangi ya fedha. Safari hii tumbo lilisuguliwa kama mgongo.

Haikuwa kamilifu. Mstari mmoja wa kibandiko ulichanika, na alama yake ipo mpaka leo. Lakini Jumapili ndege ilisimama juu ya magurudumu yake matatu mbele ya kanisa, bila kijiti.

Tena siku hiyo tulikuwa na habari ya kumpa Kuka, kwa kuwa tulikuwa tumesoma mwisho wa ndege zake. Zile nne zilizobaki zilinunuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza. Halikuzikata vipande. Mahali palipokuwa na viti vya abiria liliweka matangi ya mafuta, nazo zikawa ndege za kuwapa wenzao mafuta wakiwa angani. Nje zilibaki na umbo lile lile alilolijua Kuka, ila ndani zilifanywa upya kwa kazi mpya. Mbili kati yao zilifanya kazi hiyo hata Septemba 2013. Moja ya hizo mbili ni ile ya tano, yenye 5H, ambayo ilitua mara ya mwisho Dunsfold, Uingereza, ikahifadhiwa. Kuka alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya mabawa. Akasema, "Basi haikufa ilipotoka kwetu."

Ndugu msikilizaji, sasa tugeuke tujitazame. Wako vijana wanaopanga arusi. Hema imekodiwa, keki imeagizwa, suti imepimwa. Je, wamezungumza kwa kweli habari za deni, za hasira, za wazazi, kabla nusu mbili hazijafungwa kuwa moja? Uko ushirika unaotaka kupaka kanisa rangi mpya ilhali mbao za paa zimeoza na hesabu za harambee hazijasomwa. Yuko mwenzetu anayeng'aa Jumapili mbele ya watu, na nyumbani kwake watoto hunyamaza akiingia.

Mara nyingi twasema, "Nani atatazama chini?" Au twasema juu ya mwenzetu, "Yeye haoni." Bwana alipomtuma Samweli nyumbani kwa Yese alimfundisha kwamba wanadamu huishia kwenye sura, bali Mungu hupita hata moyoni. Mkono wake ni kama mkono wa Kuka. Hauhitaji rangi ili kujua kilichomo na kisichokuwamo.

Na kama umekwisha kufunga, ukapaka, ukabandika, nawe wajua kwamba mbele ni patupu, usitafute kijiti. Kufungua kunauma, wala hatuwadanganyi kwamba hakuna kitakachochanika. Lakini yeye atufunguaye anajua kufunga tena.

Tuombe. Ee Bwana, utuhurumie sisi tulioanza na la mwisho. Tufungue pale tulipojifunga bila wewe, utie ndani yetu uzito usioonekana na watu, ili tusimame. Uwakumbuke wote waliofanya kazi chini ya ndege, chini ya paa na chini ya ardhi, bila shukrani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, mpaka tutakapokutana tena.